Swali la Asubuhi: Kinachozitenga Jamii za Angani katika Michezo ya Mikakati

Katika vijiji vya pwani ya Unguja, watu watatu huweza kuamka alfajiri moja, wakaitazama bahari moja, na kila mmoja akawa na swali lake. Mwanamke anayekwenda kusaka pweza mwambani huuliza mwezi una siku ngapi, kwa sababu bamvua, maji yanapokupwa mno, ndilo linalomfungulia mwamba na maji mafu ndiyo yanayomfungia. Mwenye jarife, wavu ule mkubwa, huuliza upepo umekaaje na usiku utakuwa na kiza cha kiasi gani. Mwenye madema huuliza kama mkondo wa jana umeisogeza mitego yake au umeiacha pale pale alipoizamisha. Bahari ni ile ile, na samaki wao huenda wakakutana katika soko moja, lakini kila mmoja anaishi ndani ya ramani yake na kalenda yake. Ukimchukua mmoja wao ukamkabidhi chombo cha mwenzake, shida yake ya kwanza haitakuwa uhaba wa ustadi. Atakuwa hajui asubuhi yake ianzie wapi.

Nimeanza na wavuvi kwa sababu naamini ndani ya swali lile la asubuhi mna jibu la tatizo linaloisumbua michezo ya kompyuta ya mikakati ya anga za juu tangu ilipoanza, nalo ni namna ya kuifanya jamii ya viumbe wa sayari nyingine, inayoongozwa na mchezaji mwenyewe, ihisike kuwa ni jamii nyingine kweli. Mchezo huahidi mijusi wenye akili, ndege wapiganaji, wadudu wenye malkia, viumbe wa mawe. Mchezaji anachagua jamii moja kwa hamu kubwa, na baada ya saa tatu anajikuta akifanya yale yale aliyoyafanya jana alipokuwa binadamu: anatafuta sayari yenye maji, anajenga kiwanda, anaunda meli, anamvamia jirani. Picha imebadilika na kazi imebaki ile ile. Nalichukulia jambo hili kwa uzito, maana michezo hii ni miongoni mwa sanaa chache zinazomtaka mtu aamue, kwa mikono yake na kwa saa nyingi, kwa niaba ya kiumbe asiyefanana naye hata kidogo.

Mfano wa mapema unaostahili heshima ni Master of Orion, uliotengenezwa na SimTex na kutolewa na MicroProse mwaka 1993. Ni katika kuandika makala juu ya mchezo huu ndipo mwandishi Alan Emrich alipozitaja kwa pamoja kazi nne za michezo ya aina hii, yaani kuchunguza, kupanuka, kuvuna na kuangamiza, mgawanyo unaotumika hadi leo. Ulikuwa na jamii kumi. Sakkra, walio mfano wa mijusi, waliongezeka haraka. Klackon, walio mfano wa wadudu, walizalisha zaidi viwandani. Psilon walitangulia katika utafiti. Darlok walikuwa majasusi. Bulrathi, walio mfano wa dubu, walikuwa hodari katika mapigano ya ardhini. Tofauti hizi ni za kweli, lakini nyingi kati yake ni tofauti za kiasi: wote wanafanya kazi moja na mmoja wao anaifanya kwa wepesi zaidi. Anayejitenga nao ni Silicoid, kiumbe wa mawe anayeweza kukaa katika sayari ya aina yoyote, hata yenye sumu au mionzi, asiyejali uchafu wa viwanda vyake, ila anayezaliana taratibu mno. Mchezaji wa Silicoid hana haja ya kuuliza ni nyota gani yenye sayari ya kuishi, kwa kuwa kwake kila sayari inafaa. Anachouliza ni wapi atapata watu wa kuzijaza. Hapo ndipo swali la asubuhi lilipogeuka, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, Silicoid anakumbukwa kuliko wenzake wengi waliopewa nguvu kubwa kumshinda.

Tofauti ya kiasi ina mahali pake. Katika mabanda ya gemu ya Ng'ambo, mjini Unguja, vijana hukaa wawili wawili kucheza mpira wa miguu kwenye skrini, na mmoja huchagua timu yenye winga mwepesi, mwenziwe timu yenye mabeki wa nguvu. Timu zile zinatofautishwa karibu kwa tarakimu peke yake: kasi kiasi fulani, pasi kiasi fulani, mashuti kiasi fulani. Hakuna anayelalamika, kwa sababu katika mpira wenyewe pande zote mbili zina watu kumi na mmoja, goli la upana mmoja na sheria moja, na tarakimu zinaeleza kwa uaminifu jambo lililopo uwanjani. Jamii ya angani haina uwanja wa namna hiyo. Kiumbe asiyepumua, asiyezeeka au asiye na nafsi ya pekee hawezi kuelezwa kwa asilimia 15 ya ziada ya utafiti. Anayepewa asilimia hiyo na kuachwa hapo ni timu ya mpira iliyovishwa ngozi ya mjusi.

Mwaka 1996 Master of Orion II ulimpa mchezaji ruhusa ya kuiunda jamii yake mwenyewe kwa pointi kumi, akinunua sifa njema na kujiongezea pointi kwa kukubali kasoro. Uhuru ule ulipendwa, nami niliufurahia, ila ulifichua udhaifu wa kuifikiria jamii kama kapu la sokoni. Wachezaji wazoefu walipiga hesabu, wakajua sifa zipi bei yake ni ndogo kuliko faida yake, na makapu yao yakaanza kufanana. Sifa ya kuishi kwa kula mawe iligharimu pointi zote kumi, na kazi yake ilikuwa ni kuondoa: chakula hakihitajiki, wakulima hawahitajiki, kila mkaazi aende kiwandani au maabara. Hiyo ni nguvu kubwa, lakini ni nguvu inayomwondolea mchezaji jambo la kufikiria bila ya kumpa jingine mahali pake.

Tazama namna wazo hilo hilo lilivyotendewa vizuri zaidi miaka mingi baadaye. Stellaris, mchezo wa kampuni ya Paradox ya Sweden uliotoka mwaka 2016, uliongeza viumbe wa mawe waitwao Lithoids mwaka 2019. Hawa nao hawali chakula, lakini wanakula madini, na madini ndiyo yanayojengea takriban kila kitu katika mchezo huo. Kila mtoto anayezaliwa anakula matofali ya nyumba ambayo ingejengwa kwa ajili yake. Mchezaji wa kawaida anapima shamba kwa upande wake na mgodi kwa upande wake, ilhali wa Lithoids anaukimbilia mgodi mmoja akiwa na haja mbili, na uhaba wowote wa madini unampiga tumboni na mfukoni kwa pamoja. Hitaji halikufutwa, limehamishwa, na kuhama kwake kumevuta nyuzi nyingine zote. Nikiulizwa na kijana anayejifunza kutengeneza michezo aanzie wapi kuijenga jamii yake, nitamwambia aanze kwenye hitaji: viumbe hawa hawawezi kuishi bila ya nini, na nani mwingine anakitaka kitu hicho?

Somo kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilitoka katika mchezo usiochezwa kwa zamu. StarCraft wa Blizzard, uliotoka mwaka 1998, una jamii tatu tu, na bado nadhani ndio uliolifikisha jambo hili mbali zaidi. Chukua kitendo kimoja kidogo, kile cha kujenga. Mfanyakazi wa Terran, ambao ni binadamu, husimama pale pale akipiga kazi mpaka jengo limalizike. Mfanyakazi wa Protoss huanzisha jengo likaja lenyewe kutoka mbali, naye huondoka kwenda kuanzisha jingine. Mfanyakazi wa Zerg hugeuka yeye mwenyewe kuwa jengo, asirudi tena. Kwa hiyo mtu wa Terran anahesabu muda wa mfanyakazi wake, mtu wa Protoss anahesabu mahali, kwa kuwa mengi ya majengo yake hayafanyi kazi nje ya eneo la nguzo zinazoyapa nguvu, na mtu wa Zerg anahesabu roho. Zaidi ya hapo, karibu kila kiumbe wa Zerg huanza kama buu kwenye kiota, na buu mmoja anaweza kuwa mfanyakazi au askari lakini hawezi kuwa vyote viwili, hivyo kila baada ya sekunde chache mchezaji anaulizwa tena swali moja: huyu nimpe jembe au nimpe mkuki? Hakuna maandishi yoyote ya kueleza kwamba Zerg ni kundi lisilothamini mtu mmoja mmoja ambayo yangeweza kulisema jambo hilo kwa nguvu kama buu yule.

Vilevile tofauti zile zinaonekana kutoka upande wa pili, na hili husahauliwa mno. Anayepigana na Protoss anajua kwamba nguzo moja ikivunjwa, majengo yanayoitegemea yatazimika. Anayepigana na Terran anajua kwamba baadhi ya majengo yao yanaweza kung'oka na kuruka kwenda kwengine. Jamii inayotofautiana na nyingine ndani ya skrini ya mwenye kuiongoza tu ni nusu ya kazi. Iliyokamilika humlazimisha jirani yake abadili mwenendo, kama vile mwenye jarife anavyojifunza kuyapita mbali madema ya wenziwe.

Kuna desturi nyingine inayofaa kuangaliwa kwa makini, nayo ni ya kuipa kila jamii tabia moja: hawa ni wafanyabiashara, wale ni wapiganaji, wengine ni waongo. Hadithi zetu zina desturi hiyo pia. Fisi ni mlafi na sungura ni mjanja, na haifiki mwisho wa hadithi fisi akawa karimu. Katika ngano inafaa, kwa kuwa bibi anayesimulia ana robo saa kabla ya watoto kulala na anahitaji ulafi wenyewe zaidi ya kumhitaji fisi. Lakini mtu anayekuwa fisi kwa saa ishirini lazima ajue njaa yake inatoka wapi, la sivyo atakuwa anamwigiza tu. Endless Space 2, uliotengenezwa na Amplitude wa Ufaransa na kutoka mwaka 2017, uliliona jambo hili ulipowaunda Cravers. Sayari wanayoishi huzalisha kwa wingi mwanzoni, kisha huchoka, na baada ya kuchoka haitoi tena kama ilivyotoa. Mchezaji haambiwi awe mlafi. Anatazama sayari zake za zamani zikififia, anaona jirani yake ana mpya, na bila ya kuamrishwa na mtu anaanza kutafuta sababu ya vita.

Mchezo huo huo una jamii mbili nyingine ambazo kila mtu wa pwani atazielewa upesi. Unfallen ni viumbe wa miti wanaotawala kwa kueneza mizizi yao kutoka nyota moja hadi nyota iliyo jirani, na hawawezi kuikalia nyota kabla mizizi haijaifikia. Aliyewahi kuutazama msitu wa mikoko wa Chwaka ukijisogeza ndani ya tope hatua kwa hatua anaujua mwendo huo. Vodyani kwa upande wao hawakai juu ya sayari. Wanaishi ndani ya safina kubwa zinazotia nanga kwenye nyota na kufaidi sayari zake zote kwa mara moja, na wanaweza kung'oa nanga wakaondoka na kila kitu chao. Ila ili wapate safina mpya au waongeze watu, hunyonya uhai wa jamii nyingine, hivyo hawawezi kuishi pasipo majirani, wala majirani hawawezi kuishi nao kwa raha. Mchezaji wa Unfallen anauliza mzizi uelekee wapi, na wa Vodyani anauliza ni nani wa kumnyonya bila ya kumwamsha. Baina ya maswali hayo mawili pana umbali mkubwa kuliko wa picha yoyote.

Mizizi na safina zinatufikisha kwenye jambo lililo karibu na moyo wangu kuliko mengine yote, yaani mwendo. Sword of the Stars wa kampuni ya Kerberos, uliotoka mwaka 2006, uliipa kila jamii njia yake ya kusafiri baina ya nyota. Binadamu hufuata mapito ya asili yanayoziunganisha baadhi ya nyota, kwa kasi kubwa, na pasipo na pito hawana njia ya mkato. Tarka huenda moja kwa moja popote. Liir, viumbe wa majini wanaonikumbusha pomboo wa Kizimkazi, huruka kwa vihatua vidogo visivyohesabika, wepesi katika uwazi wa mbali na wazito kila wanapoikaribia nyota. Hivers husafiri kwa mwendo wa chini kuliko wa nuru, wakachukua zamu nyingi kufika, lakini wakishafika hujenga lango, na tokea hapo meli zao huvuka kutoka lango hadi lango papo hapo. Mwaka 2007 wakaongezwa Zuul, wanaojichimbia mapito yao wenyewe, nayo hayadumu. Nyota ni zile zile kwa wote, lakini jirani wa Binadamu si jirani wa Tarka. Nyota mbili zilizokaribiana kwa macho zinaweza kuwa mbali mno kwa asiye na pito. Mwenye Hivers hamwogopi sana adui aliye mbali, kwa sababu jeshi lake lote linaweza kuwa nyumbani ndani ya zamu moja. Anachokiogopa ni ile safari ndefu ya kwanza ambayo hawezi kuirudisha nyuma.

Stellaris nao ulianza na aina tatu za mwendo, na mwaka 2018 ukaziondoa mbili na kubakisha njia zilizowekwa tayari baina ya nyota. Sababu yake ilikuwa ya maana: kila mmoja akiweza kupita atakapo, mpaka haupo, ngome haina kazi, na vita hugeuka kuwa mchezo wa kukimbizana. Siwalaumu watengenezaji. Hata hivyo nadhani mwendo ule ulikuwa umefungwa mahali pasipostahiki tangu mwanzo, kwani mchezaji aliuchagua kama chaguo jingine lolote la kuanzia, mwenye mabawa na mwenye magamba wakiweza kuchagua sawasawa, kwa hiyo ulipoondolewa hapakuwa na jamii yoyote iliyopoteza uhai wake. Jaribu kuwaondolea Hivers malango yao uone kitakachobaki.

Hoja inayoletwa kila mara dhidi ya haya yote ni ya mizani: jamii zikitofautiana kwa kina, nani atahakikisha kwamba hakuna inayozishinda nyingine daima? Ni hoja ya haki, na anayeipuuza atatengeneza mchezo wa kuchezwa mara mbili na kuachwa. Wala usawa wa pande mbili si umaskini. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, pande zote mbili huanza namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kwa mpangilio mmoja, na bado fundi wa bao hujulikana kwa mkono wake tangu kete za mwanzo, kwa kuwa tofauti yote imeachwa kichwani mwa mchezaji. Mtengenezaji anayetaka njia hiyo aifuate kwa heshima zote. Ila aliyekwisha kuahidi viumbe wa ulimwengu mwengine amejifunga. StarCraft ulifanyiwa marekebisho ya mizani kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2001, kisha ukachezwa kwa ushindani wa kulipwa huko Korea Kusini mwaka baada ya mwaka, kizazi cha wachezaji kikipokezana na kingine. Kilichowezekana hapo kilitokana na subira ya kupima na kurudia, pasipo kuzisaga jamii zote tatu zikawa unga mmoja.

Lugha nayo inasaidia, ingawa haitoshi peke yake. Katika Star Control II wa mwaka 1992, viumbe waitwao Orz husema kwa maneno ambayo mashine ya kutafsiri haina uhakika nayo, hivyo huyawekea alama ya nyota pembeni na kukupa neno lililo karibu zaidi. Unaelewa nusu, na ile nusu usiyoielewa inakutia baridi. Mtu wa mjini aliyekaa barazani Makunduchi akasikiliza Kikae, lahaja ya huko, anaujua mshtuko mdogo wa namna hiyo, wa kuyatambua maneno na kupotewa na mazungumzo, ijapokuwa kwake unaishia kwenye kicheko na kahawa.

Kwa kuwa nimesema mengi juu ya kazi za wengine, ni haki nieleze jamii ambayo mimi ningeipenda kuiona. Ningewatoa kwenye pepo zetu za msimu. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni yalishuka na kaskazi kuanzia mnamo Disemba, na hayakuweza kurudi mpaka kusi ianze mnamo Aprili, kwa hiyo nahodha aliyefika Unguja alikuwa mgeni kwa miezi, atake asitake: alihitaji ghala, nyumba, mdhamini, mara nyingine mke. Fikiria jamii ya angani ambayo mapito yake yote huelekea upande mmoja kwa zamu ishirini, kisha yakageuka. Meli zao ni za kasi kuliko za yeyote wakati njia imewafungukia, na wakati imefunga hazendi popote. Zinalala katika bandari ya jirani, zikila chakula chake na kumlipa kodi, huku nyumbani kukiwa hakuna hata moja ya kulinda. Mchezaji wao kila akifungua zamu atataka kujua njia itageuka lini na ni nani atakayempokea. Mwenyeji naye ana yake ya kuuliza, kwani mgeni yule anamletea biashara ambayo hakuna mwengine anayeileta, na wakati huo huo ameweka jeshi zima nyumbani kwake. Kanuni ambayo sijaweza kuitatua ni moja: vita vikizuka baina ya mwenyeji na nyumbani kwao zamu tisa kabla ya njia kugeuka, meli zile zilizotia nanga ni mateka, ni wageni au ni wavamizi waliokwisha kuingia? Nimejaribu kwenye karatasi kulifanya jibu litegemee muda waliokaa na ndoa walizofunga, na kila nikilijaribu linampa mwenyeji nguvu kupita kiasi, isipokuwa pale nilipowaruhusu wale waliooa wabaki.